Mashine ya kusafisha damu na mshtuko wa sepsisi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Vibrio vulnificus ni bakteria anayeishi kwenye maji ya bahari yenye uvuguvugu. Humwingia mtu kupitia chaza wabichi au kidonda kilichoguswa na maji hayo, na mwenye ugonjwa wa ini ndiye huzidiwa haraka. Maambukizi ni nadra, lakini takriban mgonjwa 1 kati ya 5 hufariki, wengine ndani ya siku moja au mbili. Yakienea huleta sepsisi, yaani mwili kuitikia maambukizi hadi viungo kufeli, na shinikizo la damu likiporomoka huitwa mshtuko wa sepsisi. Hapo ndipo husemwa mengi kuhusu mashine ya kusafisha damu.

Dhana: Mashine huchuja bakteria wote watoke.

Sivyo. Silinda ya polimiksini B, chujio la mashine hii linalotumika Japani tangu 1994, ina nyuzi zinazonasa endotoksini, sumu ya ukuta wa nje wa bakteria wa Gramu hasi kama huyu (bakteria wengi hugawanywa makundi mawili, Gramu hasi na Gramu chanya). Kwa bakteria wa Gramu chanya haina cha kunasa. Damu hutolewa kwa katheta (mrija) nene ya shingoni au kwenye kinena, mililita 80 hadi 120 kwa dakika, kwa saa 2 hivi, kisha hurudiwa baada ya saa 24. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ikipungua, damu huganda na silinda huziba. Ikizidi, mgonjwa huvuja damu, na mwenye ini bovu mara nyingi ana chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, chache tangu mwanzo. Wakati huohuo, nyama iliyooza penye maambukizi, kwa mfano mguuni, inaendelea kumwaga sumu mpya.

Dhana: Imethibitishwa kuokoa maisha.

Utafiti wa EUPHAS wa Italia (2009) ulitia moyo, ila ulikuwa na wagonjwa 64 tu. EUPHRATES ya Marekani na Kanada (2018) ilichukua 450: hadi siku ya 28, waliofariki walikuwa asilimia 37.7 kwa waliotibiwa na silinda na 34.5 kwa wasiotibiwa nayo, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa 2021 unapendekeza isitumike.

Dhana: Kujaribu hakudhuru.

Silinda za aina nyingine, za kunasa saitokaini (kemikali za mwili zinazochochea uvimbe), kama CytoSorb, hunasa na dawa pia, antibiotiki ya vankomaisini ikiwemo. Dozi isiporekebishwa, antibiotiki hupungua mwilini saa ileile inapohitajika zaidi.

Dhana: Ni dialisisi ileile ya figo.

Sivyo. Dialisisi huondoa urea, potasiamu na maji ya ziada. Figo zikifeli, mgonjwa wa sepsisi anaihitaji kwa sababu hiyo.

Dhana: Bila mashine hakuna tiba.

Hii ndiyo inayotuumiza zaidi, kwa kuwa familia hupoteza saa zikitafuta hospitali yenye silinda. Tiba yenyewe ni antibiotiki ya mshipani ndani ya saa 1, kwa kawaida seftriaksoni au seftazidimu pamoja na doksisaiklini. Dripu ya angalau mililita 30 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa 3 za mwanzo. Na noradrenalini, dawa ya kupandisha shinikizo la damu, hadi shinikizo la wastani lifike milimita 65 za zebaki. Malengelenge yenye damu yakitokea kwenye ngozi, aitwe daktari wa upasuaji mara moja akate nyama iliyokufa. Mkifika mapokezi, semeni mapema: kidonda kiliguswa na maji ya bahari, au alikula chaza wabichi, na ana ugonjwa wa ini.