Uamuzi wa ridhaa: maana yake

Uamuzi wa ridhaa ni ule unaopita kwa sababu hakuna mwanachama mwenye pingamizi zito, hata kama si wote wanaoufurahia. Kwenye kura, watu 13 wanawashinda 12, na hao 12 wanarudi nyumbani na kinyongo. Kungoja kila mtu apende jambo lile lile nako kunaweza kula mwaka mzima. Hapa swali ni lingine: nani anaona jambo hili litatuharibia kazi, na kwa nini?

Huko Uholanzi, Kees Boeke alishauriana hivyo na watoto katika shule aliyoianzisha mwaka 1926. Mwanafunzi wake Gerard Endenburg akaja kuipeleka njia hiyo kwenye kampuni ya umeme ya familia yake.

Huku Bukavu, mashariki mwa Kongo, naiona ikifaa hasa kwenye AVEC, vikundi vya akiba na mikopo. Tuseme akina mama wa soko la Kadutu wameketi, sanduku la kese lipo katikati, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Pendekezo ni riba ishuke kutoka asilimia 10 kwa mwezi hadi 5. Wakopaji wanashangilia. Muuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, anasema: "Mama prezida, mie sikopi. Riba ikishuka hivyo, siku ya kugawana nitapata nini?"

Hilo ni pingamizi, maana akiba yake ndiyo inayokopeshwa. "Sipendi tu" lisingetosha. Basi pendekezo linarekebishwa: asilimia 7, kwa miezi mitatu, kisha hesabu iangaliwe upya. Anaridhia. Linaandikwa kwenye daftari, na kabla ya tarehe hiyo hakuna ruhusa ya kulifufua pembeni, kwenye meza za soko. Uthabiti wa uamuzi uko hapo.

Dharura ni jambo jingine. Goma, tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi aliamuru kartie (mitaa) 10 zihame. Saa kama ile haina mzunguko wa maoni.

Ninachokiogopa mimi ni kimya. Mama anayedaiwa na prezida hatampinga hadharani, na mwandishi wa kikundi ataandika "wote wameridhia". Kwa hiyo kila mmoja aulizwe kwa jina lake, kuanzia aliyeingia kikundini juzi, na prezida aseme wa mwisho.