Faragha si siri

Juzi kwenye daladala abiria wawili walikuwa wakibishana kuhusu kamera za barabarani, na mmoja akamfunga mwenzake mdomo kwa ile kauli: "Kama huna siri, kamera inakukera nini?" Nimeisikia mara nyingi mno.

Faragha ni haki ya mtu kuwa na mahali, muda na mambo yake ambayo wengine hawayaingilii bila ruhusa yake au ya sheria. Maana ndiyo hiyo, sina la kuongeza.

Maneno yote mawili yametoka Uarabuni, lakini hayana undugu. Siri ni jambo lililofichwa. Faragha ina asili ya faragh, yaani utupu: nafasi isiyo na kitu, au wakati usio na shughuli. Waswahili tukaifanya nafasi isiyo na watu wengine. (Mwarabu wa leo halitumii kwa maana yetu, yeye husema khususiyya, ambalo ni la ukoo mmoja na hususani na mahususi.) Kwa hiyo siri huwa ndani ya kitu, faragha ni ile nafasi yenyewe. Nyumba za pwani zinalijua hili: mgeni huishia barazani, wala si kwamba uani kumefichwa mali ya wizi. Anayetaka kupita hupiga hodi.

Hata Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, imeweka faragha na usalama wa mtu pamoja, kisha ikataka sheria iseme ni katika hali gani, kwa namna gani na kwa kiasi gani faragha hiyo yaweza kuingiliwa. Hiyo ndiyo hodi ya dola. Kenya nako, Oktoba 2021, Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma, yaani vitambulisho vya taifa vya kidijitali, kwa sababu serikali haikutathmini kwanza athari zake kwa taarifa za watu. Hakuna aliyedai kwamba jina lake au alama za vidole vyake ni siri.

Mimi mwenyewe sizichukii kamera. Zikimnasa mporaji wa simu nitashangilia. Ila, ndugu yangu wa kiti cha nyuma, yule mwenzako hakusema anaficha kitu. Aliuliza picha zake zinakaa wapi, kwa muda gani, na nani anazitazama. Hukumjibu.