Posho hakuna, cheti hakuna: kwa nini watu wazima wanavutiwa na kambi za kazi za mikono

Arusha imezoea semina. Kituo cha mikutano cha AICC kipo tangu mwaka 1978, na mtu mzima wa hapa akialikwa kwenye mafunzo ya siku tatu, swali lake la kwanza ni posho, la pili ni chakula cha mchana. Sasa mwambie kuna mafunzo ambayo posho hakuna, nauli ni yako, malazi unajilipia, na mwisho wake hupewi cheti. Ni kambi ya kazi za mikono: unakwenda Usa River au Marangu, unalala huko siku mbili tatu, na kutwa nzima unatunga shanga au unachapa batiki. Atacheka. Halafu, na hili nimeliona mara nyingi, atauliza: "Lini?"

Sisi tunaofanya kazi ya elimu ya watu wazima huulizwa kinachowavuta watu huko. Wengi hudhani ni kupumzika, lakini kupumzika unaweza hata kwa kulala. Kinachovuta zaidi, kwa maoni yangu, ni ruhusa ya kutojua. Ukishapita miaka arobaini, kila unapokwenda unatarajiwa ujue. Ofisini wewe ndiye unayesaini. Kanisani au msikitini uko kwenye kamati. Kwenye ukoo unaitwa kusuluhisha. Nafasi ya kukosea mbele za watu bila kupoteza heshima karibu haipo.

Chukua batiki. Nta huyeyushwa, kisha hupakwa kwa brashi au kugongwa kwa muhuri wa sponji kwenye kitambaa cha pamba. Pale iliposhika, rangi haiingii. Kwa maneno ni rahisi. Nta iliyopoa hukaa juu ya kitambaa, nyeupe, haizami, na rangi hupita chini yake. Ya moto mno hutambaa, na ua ulilokusudia linageuka doa. Ikiwa sawasawa, kitambaa huonekana kama kimelowa, ukikiinua mwanga unapita. Hapo ndipo utamkuta mwalimu mkuu mstaafu amesimama na brashi mbele ya fundi wa miaka ishirini na kitu. Kijana anamwamkia, "Shikamoo mzee," na dakika mbili baadaye anamwambia, "Hapana mzee, hiyo bado, rudisha jikoni." Mzee anarudisha. Akitoka hapo huwa mchangamfu kuliko alivyokuja.

Wazo lenyewe si geni. Shule ya kwanza ya wananchi nchini Denmark ilifunguliwa Rødding mwaka 1844, watu wazima wakiishi pamoja na kujifunza bila mitihani. Marekani, shule ya John C. Campbell huko North Carolina iliiga mfano huo mwaka 1925, na mpaka leo watu huenda kukaa wiki moja wakijifunza uhunzi, kufuma au kuchonga. Mfano huohuo ulipita Sweden ukatufikia sisi: Vyuo vyetu vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, vilijengwa juu yake. Hapa tulivielekeza kwenye stadi za kujipatia riziki, na kwa hali ya nchi ilikuwa sahihi. Ila tulizoea hivyo kiasi kwamba mtu akijifunza kitu kwa kukipenda tu, tunamuuliza atauza wapi.

Shanga zina mvuto wa namna nyingine. Akina mama wa Kimaasai wa Monduli na Longido hutunga wakiwa wamekaa pamoja, na mazungumzo yanakwenda yenyewe. Mtu aliyeinamia sindano halazimiki kukutazama usoni. Mambo ambayo hayasemeki kikaoni, ya ndoa, ya msiba, ya mtoto aliyepotea njia, husemeka hapo, na anayesikia anaendelea kuhesabu punje zake.

Kuhusu afya, tuwe waangalifu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima kotisoli, homoni inayohusiana na msongo, kwenye mate ya watu wazima 39 kabla na baada ya dakika 45 za kuchora, kufinyanga na kubandika picha. Kwa takriban robo tatu yao kiwango kilishuka, na waliokuwa na uzoefu wa sanaa hawakuwazidi wasio nao. Ni utafiti mdogo usio na kundi la kulinganishia. Mtu asikuuzie kambi kama dawa ya presha.

Asikuuzie pia kama biashara. Siku tatu hazimtoi mtu fundi wa batiki. Ukitaka kipato, nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, au VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ukajifunze kwa mpangilio.

Kabla ya kulipa, uliza anayefundisha ni nani. Awe anaishi kwa kazi hiyo. Kama ni batiki, uliza usalama: nta iyeyushwe kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria nyingine yenye maji, na ikishika moto ifunikwe, isimwagiwe maji kamwe. Kostiki soda ya kuchanganyia rangi ndiyo inayotiwa kwenye maji, si maji kutiwa kwenye kostiki, na glavu ni lazima. Wakati wa masika vitambaa havikauki. Juni na Julai ni kukavu, lakini baridi ya mlimani huigandisha nta kwenye brashi kabla haijagusa kitambaa, kwa hiyo jiko liwe karibu. Desemba msijisumbue kupanga kambi Moshi. Wachaga wote wamepanda nyumbani kwa Krismasi na vyumba vimejaa.

Bei ikikushinda, tafuta wenzako watano au sita, mchange, mwite fundi Jumamosi na Jumapili. Msikutane nyumbani kwa mmoja wenu, maana mwenye nyumba ataishia jikoni akipika wali, na wageni wataingia. Ukumbi wa parokia au banda la shule wakati wa likizo linatosha. Fundi mlipeni siku zote mbili, na fedha za nta na rangi mpeni mapema.