Vifaa vya kompyuta "kuoana" maana yake nini?

Fundi akisema kifaa "kimekubali" kwenye mashine, anasema mambo matatu kwa neno moja: kimeingia mahali pake, kimepata umeme unaokifaa, na kimetambuliwa na wenzake. Anayejiundia kompyuta ya gemu kwa mara ya kwanza huhangaika na lile la kwanza, kwa kuwa ndilo linaloonekana kwa macho. Mashine nyingi hugomea kwenye hayo mengine mawili.

Chukua soketi (tundu la kupachikia prosesa, ubongo wa kompyuta) ya Intel iitwayo LGA 1151. Namba hiyo ni idadi ya pini zake. Ilitoka mwaka 2015 pamoja na prosesa za kizazi cha sita, ikatumika hadi cha saba. Mwaka 2017 kikaja kizazi cha nane, nacho kina pini 1151, umbo lilelile. Ukiipachika prosesa hiyo kwenye madabodi (bao kuu linalounganisha vifaa vyote) ya zamani inakaa kama chanda na pete, ila mashine haiwaki. Baadhi ya pini zilikuwa zimepewa kazi nyingine ya umeme, na chipseti (chipu za madabodi zinazoratibu mawasiliano ya vifaa) za zamani hazikuruhusiwa kufanya kazi na prosesa hizo. Pete imevalika, ndoa hakuna.

Ndiyo maana jina la soketi ni mwanzo tu wa maswali. Baada yake uliza chipseti, kisha toleo la BIOS, programu ya madabodi inayoiwasha mashine. Soketi ya AM4 ya AMD, mpinzani wa Intel, ilidumu miaka mingi, jambo lililowafurahisha wengi, lakini madabodi yenye chipseti ya B450 na BIOS ya zamani haiifahamu prosesa ya Ryzen 5000 hata kidogo. Lazima BIOS isasishwe kwanza. Hapo ndipo kichekesho kilipo: ili usasishe, kwa kawaida mashine iwe imewaka, na ili iwake inataka prosesa inayoifahamu. Baadhi ya madabodi zina kitufe cha kusasisha BIOS kutoka kwenye flashi bila prosesa yoyote kuwamo. Mimi kitufe hicho ningekilipia zaidi kuliko taa za rangi. Watengenezaji wa madabodi huchapisha orodha ya prosesa wanazozikubali, na kando ya kila moja toleo la BIOS linalohitajika. Isome hiyo kabla ya kutoa fedha.

RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ni waungwana zaidi, kwa sababu kosa lake hukataa papo hapo. RAM za aina ya DDR4 na DDR5 za kompyuta ya mezani zote zina miguso 288, ila mwanya wake umekaa mahali tofauti, hivyo moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine. Ukitumia nguvu utavunja kitu. Soketi ya AM5, ya mwaka 2022, inataka DDR5 tu. LGA 1700 ya Intel ina madabodi za DDR4 na nyingine za DDR5, kwa hiyo kujua prosesa pekee hakutoshi. Kuna pia kukubali kwa uvivu: RAM iliyoandikwa kasi ya 6000 inaweza kuwaka ikiwa chini sana ya hapo, mpaka uingie kwenye BIOS na kuwasha XMP au EXPO, mipangilio inayoifikisha kwenye kasi yake. Wapo wanaocheza mwaka mzima bila kujua.

Umeme ndio wa kuogopa. Kadi ya grafiki hupata hadi wati 75 kupitia nafasi yake kwenye madabodi. Waya wa pini 6 huongeza 75, wa pini 8 huongeza 150. Kadi yenye matundu mawili ya pini 8 basi imeandaliwa kupokea hadi wati 375, na bado prosesa haijala chake. Pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine) isiyotosha mara nyingi haileti tatizo ukiwa unasoma barua pepe. Huzimika katikati ya gemu, kadi inapovuta umeme kwa ghafla.

Kubaya zaidi ni waya za pawa saplai zinazochomoka. Upande unaoingia kwenye diski au kadi una kanuni moja kwa wote. Upande unaoingia kwenye pawa saplai yenyewe hauna, na kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka. Ukibadilisha pawa saplai ukabakiza waya za ile ya zamani, zinaweza kuingia bila kulalamika, zikapeleka volti 12 mahali palipongoja 5. Diski hiyo hutaiona tena. Badilisha vyote pamoja, hata kama waya mpya zimefanana na za zamani kama mapacha.

Kwenye PCIe, ile nafasi ya madabodi inayopokea kadi, unaweza kupumua. Kadi mpya hufanya kazi kwenye nafasi ya toleo la zamani, na kwa kadi nyingi hutaona tofauti kubwa. Tahadhari ni kadi zenye njia chache za kupitishia data, kama RX 6500 XT yenye njia nne tu, ambayo kwenye PCIe 3.0 hupungua nguvu waziwazi.

Keisi, sanduku la mashine, ni kazi ya rula. Madabodi ya saizi ya ATX ni milimita 305 kwa 244, Mini-ITX ni 170 kwa 170. Pima urefu wa kadi na kimo cha kipoozeo cha prosesa, ukikumbuka kwamba rejeta ya kipoozeo cha maji ikifungwa mbele inakula nafasi ya kadi.

Watu huchanganya kuoana na jambo jingine: kifaa kimoja kumchelewesha mwenzake. Prosesa dhaifu na kadi kali vinaoana vizuri tu, ila kadi hukaa ikisubiri kazi. Wala hali hiyo haina kiwango kimoja. Ukipandisha ubora wa picha hadi 4K mzigo huhamia kwenye kadi, na prosesa ileile iliyokuwa kikwazo inapata nafuu. Kwa hiyo vile vikokotoo vinavyokutajia asilimia moja ya ucheleweshaji kwa mashine nzima, bila kuuliza unacheza gemu gani, vipite tu.