Asiyeonekana kwenye mfumo si lazima awe hasomi

Wahadhiri wengi hufungua ripoti ya Moodle, mfumo wa kusomea mtandaoni, wakaona jina la mwanafunzi halimo, wakahitimisha kwamba hasomi. Si kweli. Moodle, programu huria iliyotoka mwaka 2002 na inayotumika hata Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, hurekodi mibofyo: nani kafungua ukurasa gani, saa ngapi. Kusoma kwenyewe hairekodi.

Hosteli mambo huenda hivi: mwenye bando anaingia usiku, anapakua notsi zote za PDF, anazitupia kwenye grupu la WhatsApp. Wenzake wanazisomea humohumo, wengine wanaziprinti steshenari. Kwenye ripoti aliyesoma ni mmoja tu. Naye anayefungua ukurasa kisha akaiacha simu inachaji anahesabiwa kahudhuria! Kutoa alama za mahudhurio kwa kipimo hicho, mimi naona ni dhuluma.

Tena programu ya Moodle ya simu, chuo kikiruhusu, humwezesha mtu kupakua somo akalisoma bila intaneti. Kumbukumbu zake hufika baadaye, mtandao ukirudi. Anayetaka kujua nani kaelewa aulize maswali mawili matatu kipindi kikianza.