Nyaraka za kidhibiti cha profaila kwa mawakala wa akili mnemba: maana yake ni nini?

Profaila ni programu inayopima programu nyingine wakati inafanya kazi: muda unaishia wapi, kumbukumbu inaliwa na nani, funksheni ipi inaitwa kupita kiasi. Haja yake ni ya siku nyingi. Mwaka 1971 mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth alichunguza programu zilizoandikwa kwa lugha ya Fortran akakuta kwamba, kwa kawaida, chini ya asilimia 4 ya msimbo hula zaidi ya nusu ya muda wote. Asiyepima hukisia, na mara nyingi hukisia vibaya.

Kidhibiti ni chombo cha kuiamuru profaila hiyo: anza, simama, niambie hali yako, nipe ripoti. Si lazima kiwe kitu kikubwa. Profaila ya perf kwenye Linux, kwa mfano, inaweza kupokea amri za kuwasha na kuzima upimaji bila kuanzishwa upya, na ukiipangia hivyo itajibu “ack” ikishapokea amri.

Sasa mtumiaji wa chombo hicho mara nyingi ni wakala wa akili mnemba: modeli ya lugha iliyopewa ruhusa ya kutekeleza amri, kusoma matokeo na kuamua hatua inayofuata. Wakala hasikii feni ya kompyuta ikivuma. Hajui kitu ila kile kilichoandikwa mbele yake, ndiyo maana maelezo ya chombo, kwake, ni sehemu ya chombo chenyewe. Katika MCP (Model Context Protocol), itifaki ya kuunganisha modeli na vyombo iliyotangazwa Novemba 2024, kila chombo hubeba jina, maelezo na muundo wa data ambayo chombo hupokea. Modeli husoma hayo kabla ya kuamua ikitumie au la.

Kuorodhesha amri ni kazi nyepesi. Kinachosahaulika ni hali ya chombo: kipo wapi amri inapotolewa, na kinabaki vipi baadaye. Maelezo yanayosema “anza: huanzisha upimaji” hayamsaidii wakala hata kidogo. Afadhali haya: “Huanzisha upimaji wa mchakato uliotajwa na kurudisha namba ya kikao. Kama kikao kipo tayari, hurudisha namba ileile bila kufungua kingine. Hujizima baada ya sekunde 60 usipotaja muda.” Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu mazungumzo ya wakala yanaweza kukatika wakati wowote, na profaila iliyoachwa ikiwaka kwenye seva haina wa kuizima.

Halafu kuna suala la kuamini namba. Profaila za sampuli huchungulia programu kila baada ya muda mfupi. Wengi huchagua mara 99 kwa sekunde badala ya 100, ili zisije zikaoana na kazi nyingine zinazojirudia kwa mapigo hayohayo. Nyingine, kama cProfile ya Python, hurekodi kila mwito wa funksheni, na gharama ya kurekodi huzifanya funksheni ndogo zinazoitwa mara nyingi zionekane nzito kuliko zilivyo. Mhandisi mzoefu hulijua hilo na kulipunguzia uzito. Wakala asiyeambiwa atakwenda moja kwa moja kuandika upya funksheni isiyo na hatia, tena kwa kujiamini kabisa. Kwa hiyo aina ya upimaji itajwe ndani ya ripoti yenyewe, si kwenye ukurasa mwingine ambao huenda hatausoma.

Ukubwa wa matokeo nao una mipaka: rudisha mistari michache ya juu pamoja na mahali lilipo faili zima, maana modeli haiwezi kumeza megabaiti za data ghafi.

Ujumbe wa makosa ndio mahali pa hatari zaidi. Linux huzuia baadhi ya vipimo kupitia mpangilio wa perf_event_paranoid. Ujumbe ukisema tu “ruhusa imekataliwa”, wakala mwenye bidii anaweza kutafuta namna ya kulegeza mpangilio huo mwenyewe, na akifanikiwa amepunguza ulinzi wa mashine nzima kwa ajili ya kipimo kimoja. Nyaraka ziseme waziwazi: upimaji huu unahitaji ruhusa ya msimamizi, usibadilishe mipangilio ya mfumo, simama, mweleze binadamu unachohitaji, kisha usubiri jibu.