Si kweli kwamba kuchora ni kwa waliozaliwa na kipaji tu

Kuna ujumbe hauishi kuzunguka kwenye magrupu: kama hukuzaliwa na kipaji, hutajua kuchora kamwe. Si kweli. Wapo wanaoshika haraka, lakini kuchora kwanza ni kujifunza kutazama. Weka kikombe cha chai mezani. Ukiwa umekaa, mdomo wake unaonekana umebanwa kama yai, ila mkono unachora duara kamili kwa kuwa akili inajua ni duara. Kosa hilo hupungua kwa mazoezi. Jipime: chora kiganja chako leo, andika tarehe, jaza daftari dakika 15 kila siku, halafu ukichore tena baada ya mwezi. Tunachanganyikiwa kwa sababu tunaonyeshwa picha iliyokamilika, si madaftari yaliyojaa michoro mibovu (yangu yapo uvunguni). Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.